Uzi Ulioletwa na Hewa Chafu

Mtambo wa kuvuta nyuzi nyembamba mno kwa nguvu ya umeme ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1902. Vyuo vikuu vilianza kuukimbilia baada ya 1995. Kati ya miaka hiyo miwili ipo karibu karne nzima ambayo ujuzi ulikuwepo, umeme ulikuwepo, na kemikali zilikuwepo, lakini watu wengi walipita kando bila kugeuka. Nikiifuatilia historia ya nyuzi za nano kipindi baada ya kipindi, naona sababu moja ikijitokeza tena na tena. Waliotaka kitambaa kizuri walijaribu wakashindwa. Walioogopa hewa waliyokuwa wakiivuta ndio walioufikisha uzi huu ulipo leo.

Kwanza tuelewane kuhusu vipimo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 50,000 hadi 100,000. Wanasayansi wenye msimamo mkali hawakubali kuita uzi "wa nano" mpaka uwe chini ya nanomita 100, ilhali watu wa viwanda huhesabu chochote kilicho chini ya 1,000. Katika masimulizi haya nitafuata hesabu ya viwandani, kwa sababu ndiyo iliyojenga historia yenyewe.

Kaharabu, lakiri na upinde: 1600–1887

Mwaka 1600 tabibu Mwingereza William Gilbert alichapisha kitabu chake De Magnete. Humo alieleza jinsi alivyoisogeza kaharabu iliyosuguliwa juu ya tone la maji lililotua mahali pakavu. Tone liliinuka, likachongoka kuielekea kaharabu. Leo twajua kwamba chaji za umeme zilizokuwa ndani ya tone ndizo zilizovutwa juu, nazo zikalikokota tone zima. Umbo lile lililochongoka ndipo unapoanzia kila uzi wa nano unaovutwa kwa umeme.

Karne mbili na ushei zikapita. Mwaka 1882 Lord Rayleigh alikokotoa kiasi cha chaji ambacho tone linaweza kubeba kabla uso wake haujashindwa kulishikilia. Likizidishiwa, alisema, litarusha michirizi myembamba ya majimaji.

Miaka mitano baadaye, Charles Vernon Boys, mwanafizikia wa South Kensington mjini London, alikuwa na shida ya kikazi. Alihitaji uzi mwembamba sana wa kuning'inizia vipande vya vyombo vyake vya kupimia nguvu ndogo ndogo, na uzi wa hariri haukumfaa kwa kuwa ukisokotwa haurudi sawasawa ulikotoka. Akatengeneza upinde mdogo wa kufyatua, akafunga mshale wa bua kwenye kipande cha kwatzi, akaiyeyusha kwatzi kwa moto mkali, kisha akafyatua. Mshale uliruka ukivuta nyuma yake uzi wa kwatzi ambao ulifika urefu wa mita 27 hivi na unene wa mikromita 2.5. Nyuzi za namna hiyo alizitumia baadaye kupima nguvu ya mvutano kati ya vitu, kazi aliyoichapisha mwaka 1895.

Katika andiko lilelile la 1887 Boys alitaja njia ya pili, akasema wazi kwamba ni jaribio la zamani ambalo watu walikuwa wamelisahau. Unaweka kisahani kidogo kilichounganishwa na mashine ya umeme tuli, unayeyusha ndani yake nta ya nyuki, utomvu au lakiri, na kitu hicho kikifika ukingoni kinachomoka chenyewe kwa nyuzi. Boys aliliandika jambo hilo, kisha akarudi kwenye upinde wake, kwa kuwa kwatzi ndiyo aliyoihitaji.

Hataza zisizo na soko: 1900–1944

John Francis Cooley aliomba hataza Uingereza mwaka 1900 na kuipata Marekani mwaka 1902. Mwaka huohuo William James Morton, tabibu wa New York na mtoto wa yule Morton aliyewaonyesha madaktari wa Boston usingizi wa etha mwaka 1846, naye akapewa hataza ya kutawanya majimaji kwa umeme. Michoro ya Cooley inastaajabisha. Kuna mrija ulioingizwa ndani ya mrija mwingine ili majimaji mawili yatoke pamoja, na kuna mrija unaosaidiwa na upepo. Mrija ndani ya mrija ulikuja kusherehekewa kama jambo jipya katika majarida ya sayansi mnamo 2003.

Kwa nini haikuwa biashara? Soko la wakati ule lilitaka hariri ya bandia, yaani uzi mrefu, imara, unaoweza kufumwa na kushonwa. Njia ya viskosi iliyobuniwa Uingereza mwaka 1892 ilikuwa ikisukuma nyuzi za selulosi kupitia matundu kwa kasi ambayo umeme haukuweza kuifikia. Nyuzi za umeme zilikuwa dhaifu, zikilala ovyo juu ya kila kitu, nazo zilitoka kidogo kidogo.

Aliyeng'ang'ana kuliko wote ni Anton Formhals wa Ujerumani. Kuanzia hataza yake ya Marekani ya 1934 hadi 1944 alisajili mfululizo wa maboresho. Aliyeyusha selulosi asetati ndani ya asetoni, akazipokea nyuzi kwenye gurudumu lililokuwa likizunguka ili zilale upande mmoja na kuvutwa kama uzi wa kawaida. Tatizo lililomsumbua ni asetoni. Nyuzi zilifika kwenye gurudumu kabla hazijakauka, zikagandamana, zikakataa kubanduka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliuongeza umbali kati ya mrija na kipokeo ili zipate muda wa kukauka hewani. Lakini nailoni ilikuwa imekwishagunduliwa mwaka 1935, na hariri ya umeme haikuweza kushindana nayo.

Palikuwa na kikwazo kingine. Hadubini ya mwanga haiwezi kutofautisha vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi. Hadubini ya elektroni ilibuniwa Berlin mwaka 1931 na ikaanza kuuzwa mwishoni mwa muongo huo. Kina Cooley walikuwa wakitengeneza vitu ambavyo hawakuwa na njia ya kuviona vizuri.

Moscow, 1938

Ili kuelewa kilichotokea Moscow inabidi turudi kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya klorini kutumika Ypres mwaka 1915, majeshi yalivalishwa vinyago vyenye mkaa uliotayarishwa maalumu. Mkaa hunasa gesi vizuri sana. Mwaka 1917 Wajerumani walileta silaha ya namna nyingine, moshi wa kemikali za aseniki, yaani chembe ngumu ndogo mno zinazoelea. Chembe hizo zilipenya kwenye mkaa, zikamfanya askari apige chafya na kutapika mpaka avue kinyago, na hapo gesi ikammaliza. Tangu siku hizo kila jeshi lilikuwa likitafuta kitu cha kunasa moshi bila kumziba mtu pumzi.

Katika Taasisi ya Karpov ya kemia na fizikia mjini Moscow kulikuwa na maabara ya erosoli, yaani chembe zinazoelea hewani, iliyoanzishwa na Nikolai Fuchs, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa fani hiyo duniani. Fuchs mwenyewe alikamatwa mwaka 1937 katika msako wa Stalin. Waliobaki waliendelea na kazi. Mwaka 1938 Natalia Rozenblum na Igor Petryanov-Sokolov walikuwa wakinyunyiza kwa umeme selulosi ya naitreti iliyoyeyushwa ndani ya asetoni, wakitafuta matone madogo yanayolingana kwa ukubwa. Badala ya matone walipata nyuzi. Kwa mtu anayetafuta matone, nyuzi ni uharibifu wa jaribio. Hawa wawili walikuwa wakiishi na swali la moshi kila siku, wakazijaribu nyuzi zile kama chujio. Zilifanya kazi.

Mwaka 1939 kiwanda kilikuwa kimesimama Tver, mji ambao wakati huo uliitwa Kalinin, kikitengeneza vichujio vya moshi vya vinyago vya kijeshi kwa selulosi asetati. Mwaka 1941 Petryanov-Sokolov alipewa Tuzo ya Stalin. Ugunduzi wa maabara uligeuka kiwanda ndani ya mwaka mmoja, na yote kwa kuwa mara hii kulikuwa na mtu aliyeuhitaji. Formhals alikuwa bado anahangaika na gurudumu lake.

Baada ya vita nyuzi hizo zilipata kazi kubwa zaidi. Wasovieti waliolipua bomu lao la kwanza la atomiki mwaka 1949 walikuwa na viwanda vya plutoniamu vilivyojaa vumbi la mnururisho, na vitambaa vilivyoitwa kwa kifupi FP, yaani chujio la Petryanov, vilitandikwa kwenye njia za hewa. Aina iliyosambaa zaidi, FPP-15, ilikuwa na nyuzi za mikromita 1.5, ambazo ni nene kuliko kipimo cha nano cha leo, lakini zilibaki na chaji ya umeme iliyokuwa ikivuta chembe. Miaka ya 1950 ikaja barakoa nyepesi ya Lepestok, neno la Kirusi lenye maana ya petali ya ua. Kufikia miaka ya 1960 ilisemekana Wasovieti walikuwa wakitengeneza mita za mraba milioni 20 za kitambaa hicho kwa mwaka. Picha za watu walioitwa kusafisha Chernobyl mwaka 1986 zinawaonyesha wakiwa na petali hizo nyeupe usoni.

Yote hayo yalikuwa siri. Nchi za Magharibi zilianza upya kana kwamba Tver haikuwahi kuwepo, na naona hiyo ni hasara kubwa kuliko zote katika historia hii. Nusu karne ya majaribio na makosa ilikaa ndani ya makabati ya serikali.

Vumbi la bomu: Washington, 1954

Wamarekani nao waliufikia uzi mwembamba kwa kuifuata hewa, ila kwa njia nyingine. Walitaka kujua Wasovieti wanalipua nini. Bomu likilipuka, vumbi lake hupanda juu sana angani na kusafirishwa na upepo, na ukilinasa vumbi hilo unaweza kulichunguza. Kwa hiyo Van Wente, katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani, alitafuta kitambaa cha nyuzi zilizo chini ya mikromita moja. Mtambo wake alioueleza mwaka 1954 hautumii umeme. Plastiki iliyoyeyuka inasukumwa kupitia safu ya matundu madogo, na pande zote mbili hewa ya moto inavuma kwa kasi kubwa, inaikamata plastiki pale inapotoka na kuivuta mpaka inakuwa nyuzi nyembamba. Nyuzi hutua kwenye kipokeo zikiwa bado na joto na kushikana zenyewe, bila kufumwa. Njia hiyo ikaitwa meltiblowni, na kampuni ya mafuta ya Exxon ikaikuza kwa plastiki ya polipropilini.

Hapa inafaa kueleza kwa nini wembamba una maana kubwa hivyo. Watu wengi hudhani chujio la hewa ni chekecheke, kwamba chembe kubwa kuliko tundu ndiyo inayozuiwa. Sivyo. Matundu ya chujio ni makubwa kuliko chembe nyingi linazozinasa. Chembe nzito hushindwa kukata kona hewa inapozunguka uzi, zikajigonga humo. Chembe ndogo sana husukumwasukumwa na molekuli za hewa, zikayumba huku na huku hadi zikagusa uzi. Zilizo katikati, za mikromita 0.3 hivi, ni nyepesi mno kujigonga na ni nzito mno kuyumba, nazo ndizo zinazopenya kirahisi. Mkemia Irving Langmuir alilifanyia hesabu jambo hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ukiongeza nyuzi nene ili uzinase, mtu hawezi kupumua. Ukitumia nyuzi nyembamba mambo hubadilika. Molekuli ya hewa husafiri wastani wa nanomita 65 hivi kabla ya kugongana na nyingine, na uzi ukikaribia kipimo hicho hewa huteleza juu yake badala ya kukwama. Kwa hiyo unanasa chembe nyingi zaidi kwa pumzi ileile.

Mwezi Mei 1972 kampuni ya 3M ilipata kibali cha barakoa ya kwanza ya aina ambayo baadaye ilikuja kuitwa N95. Miaka ya 1990 Peter Tsai, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Tennessee, alibuni njia ya kukipa kitambaa cha meltiblowni chaji ya umeme inayodumu, kikaweza kunasa mara nyingi zaidi ya awali bila kuongezwa unene. Kilichokuwa kikifanyika Tver bila kutangazwa kikawa sasa bidhaa ya dukani.

Kutoka Cambridge hadi Akron: 1964–2001

Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Cambridge, alikuwa na umri wa miaka 78 alipochapisha, mwaka 1964, hesabu za tone linalochongolewa na umeme. Alionyesha kwamba koni hiyo ina pembe maalumu, digrii 49.3 kutoka kwenye mhimili wake, na wanafizikia wanaiita koni ya Taylor hadi leo. Mwaka 1971 Peter Baumgarten wa DuPont alipiga picha za kasi za nyuzi za akriliki zikitoka kwenye tone. Mwaka 1981 kampuni ya Donaldson ya Minnesota ilianza kuuza vichujio vya viwandani vilivyopakwa tabaka jembamba la nyuzi za nano. Hata hivyo kampuni hazikuwa na sababu ya kueleza siri zake, na watafiti wengi waliendelea kutojua.

Aliyefungua mlango ni Darrell Reneker wa Chuo Kikuu cha Akron, Ohio, mji uliokua kwa viwanda vya matairi na uliokuwa na wataalamu wa polima kila kona. Mwaka 1995 yeye na Jayesh Doshi walichapisha makala iliyoieleza njia nzima kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye maabara ndogo angeweza kuifuata.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Kuna bomba la sindano lililojazwa polima iliyoyeyushwa, na pampu inayolisukuma taratibu. Kuna sindano ya chuma butu iliyounganishwa na umeme wa volti 10,000 hadi 30,000, japo mkondo wake ni mdogo mno. Sentimita 15 mbele yake kuna bamba la chuma. Tone linatokeza kwenye ncha, linatetemeka, kisha linachongoka. Kutoka kwenye kilele chake unachomoka mchirizi ulionyooka kwa sentimita moja au mbili, halafu macho hayaoni tena kitu ila ukungu uliosambaa. Baada ya dakika chache bamba lina utando mweupe, mwororo, unaobanduka kwa ukucha.

Ukungu ule uliwadanganya wataalamu. Hata makala ya 1995 ilidhani mchirizi unapasuka na kuwa michirizi mingi. Mwaka 2000 Reneker, Alexander Yarin na wenzao walielekeza hapo kamera inayopiga picha 2,000 kwa sekunde. Mchirizi ulikuwa mmoja. Chaji zilizomo ndani yake zinasukumana, mchirizi unapinda, unaanza kujizungusha kwa duara linalopanuka, kisha kila duara linapinda tena na kuzaa mengine. Kwa namna hiyo unarefuka maelfu ya mara ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, huku kiyeyushi kikikauka njiani. Kumbe kilichomshinda Formhals, mchirizi kuyumbayumba na kukataa kwenda njia moja, ndicho kinachoufanya uzi uwe wa nano.

Wakati ulikuwa mzuri. Mwezi Januari 2000 Rais Bill Clinton alitangaza mpango wa taifa wa nanoteknolojia, na fedha za utafiti zikamiminika. Sindano, pampu na chanzo cha umeme ni vitu ambavyo hata chuo kisicho na utajiri kinaweza kuvinunua, hivyo njia hii ikaenea upesi China, Korea, India, Uturuki, Brazil na Afrika Kusini.

Njia nyingine nazo zilikuwa zikikua pembeni. Japani, kampuni ya Toray ilikuwa tangu 1970 ikitumia ubunifu wa Miyoshi Okamoto wa kuvuta nyuzi nyingi nyembamba za plastiki moja zikiwa zimezungukwa na plastiki nyingine, kisha kuiyeyusha ile ya nje. Michigan, Peter Ma alipata mwaka 1999 viunzi vya nyuzi za nano kwa kuigandisha polima hadi itengane na kiyeyushi chake. Mwaka 2001 Samuel Stupp na wenzake walibuni molekuli zinazojipanga zenyewe kuwa nyuzi ndani ya maji.

Ndani ya mwili

Madaktari walivutiwa kwa sababu ya msingi. Seli zetu huishi juu ya wavu wa kolajeni wenye nyuzi za nanomita 50 hadi 500. Utando wa nyuzi za nano una kipimo kilekile, na seli zikiwekwa juu yake hushika na kutambaa. Liverpool walikuwa wamekwishatengeneza mishipa bandia ya damu kwa njia ya umeme mnamo 1978. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth walivuta nyuzi za kolajeni yenyewe. Vitambaa vya vidonda, tando zinazotoa dawa pole pole na viunzi vya kuoteshea mfupa vilifanyiwa majaribio kwa wingi.

Tumaini hilo lilitumiwa vibaya pia. Mwaka 2011 na 2012 daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini aliwapandikizia wagonjwa watatu mabomba ya hewa ya plastiki mjini Stockholm, mengine yakiwa yamevutwa kwa nyuzi za nano na kupandwa seli za mgonjwa mwenyewe. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba tiba mpya imepatikana. Wote watatu walifariki. Mwezi Juni 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Utando unaofanana na tishu kwa kipimo hauna mishipa ya damu, na seli chache zilizopandwa juu yake hazijawa kiungo. Hilo lilijulikana kwa yeyote aliyefanya kazi ya maabara kwa subira, na wagonjwa wale walistahili kuambiwa.

Liberec na wingi wa uzi: 2003–2010

Sindano moja hutoa chini ya gramu moja ya uzi kwa saa. Ukiweka sindano elfu, zinasukumana kwa umeme wake na kuziba moja baada ya nyingine. Jibu lilitoka Liberec, mji wa Ucheki uliokuwa na viwanda vya nguo kwa vizazi vingi. Oldřich Jirsák wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha mji huo alijiuliza kama sindano inahitajika hata kidogo. Mwaka 2003 yeye na wenzake waliomba hataza ya silinda inayozunguka, nusu ikiwa imezama kwenye polima. Silinda inapanda na tabaka jembamba la majimaji, na umeme ukitosha, koni za Taylor zinachipuka zenyewe juu yake kwa mamia, zikijipanga kwa nafasi sawa. Kampuni ya Elmarco ya mjini humo ikauza mitambo hiyo kwa jina la Nanospider. Kwa mara ya kwanza mtu nje ya Urusi angeweza kununua mashine ya kutoa utando huu kwa mita.

Texas, Karen Lozano na Kamal Sarkar waliuondoa umeme kabisa. Njia yao waliyoitangaza mwaka 2010 huirusha polima kwa kuizungusha kwa kasi kubwa, na huweza kutumia plastiki zilizoyeyushwa kwa joto pekee. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, kilionyesha kifuko cha kuchuja maji ya kunywa kilichotengenezwa kwa karatasi ileile ya vifuko vya chai ya rooibos. Ndani kilijazwa mkaa, na kwenye karatasi kulikuwa na nyuzi za nano zenye dawa ya kuua bakteria. Kifuko hicho huingia kwenye shingo ya chupa.

2020

Virusi vya korona vilipoenea, dunia iligundua kwamba barakoa ina tabaka moja lisiloshonwa kwa cherehani. Kitui, Kenya, kiwanda cha nguo cha kaunti kilianza kushona barakoa mwezi Machi, na mafundi katika miji yetu yote walifanya hivyo kwa vitenge. Kitambaa cha kati cha meltiblowni kilikuwa jambo jingine, kwani mtambo wake ni mkubwa, ni ghali, na huchukua miezi kuundwa. Bei ilipanda kila wiki. Peter Tsai, ambaye alikuwa amekwishastaafu, alirudi kazini kuwasaidia watu kutafuta namna ya kuzisafisha barakoa bila kuiua chaji yake. Korea Kusini, Kim Il-Doo wa chuo kikuu cha KAIST alitangaza chujio la nyuzi za nano linaloweza kuoshwa, kwa kuwa lilinasa kwa wembamba wenyewe na halikutegemea chaji.

Uzi uliomo ndani ya mkonge

Polipropilini iliyomo kwenye barakoa ina historia nyingine inayotuhusu. Mkemia Giulio Natta aliipata Milan mwaka 1954, na katika miaka ya 1960 na 1970 kamba zake za bei rahisi zilichukua soko la mkonge. Richard Hindorf alikuwa ameleta miche ya mkonge Tanga mwaka 1893, ikaishi 62 tu, na kutoka hiyo 62 nchi ilifika tani 230,000 hivi mwaka 1964. Baada ya hapo mashamba yalianza kufa.

Sasa selulosi imerudi kwenye mazungumzo. Singa ya mkonge, kama kuni na kama pamba, imejengwa kwa nyuzi za selulosi nyembamba kuliko karibu chochote kinachotoka kwenye sindano. Mwaka 2006 Akira Isogai na Tsuguyuki Saito wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha kwamba kemikali iitwayo TEMPO inaweza kuzitenganisha kwa nguvu kidogo, zikabaki na unene wa nanomita 3 hadi 4. Kazi hiyo iliwapatia wao na Yoshiharu Nishiyama Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2015. Japani ilionyesha gari ambalo baadhi ya sehemu zake zilitengenezwa kwa selulosi ya nano kwenye maonyesho ya Tokyo mwaka 2019. Watafiti wa Mar del Plata, Argentina, walichapisha mwaka 2008 njia ya kuitoa selulosi ya nano kwenye mkonge, na Grenoble, Ufaransa, mkonge umekuwa mmea wa majaribio kwa miaka mingi.

Kinachozuia si zao. Selulosi ya nano hutoka kiwandani kama ute ambao zaidi ya asilimia 95 yake ni maji, na ukiukausha ovyo nyuzi hugandamana, zisitengane tena. Kuusafirisha ute huo kwa meli ni kulipia nauli ya maji. Kwa hiyo atakayetaka kuitengeneza kwa faida atalazimika kuusaga mkonge karibu na atakayeitumia, iwe kiwanda cha karatasi, cha rangi au cha vichujio. Kwa sasa singa za Tanga bado zinafungwa marobota na kuuzwa kwa tani.